Eti viza ya kipaji ni ya kina Messi tu? Jibu kwa mruka pete wa Mombasa

"Habari dada. Mimi ni mwanasarakasi niko Mombasa, miaka 24. Tuko sita kwenye kundi, tunafanya piramidi, kamba, limbo na kuruka pete, na mimi peke yangu nina shoo ya viti. Tumefanya hoteli za pwani miaka saba na mwaka juzi tulienda China miezi sita. Sasa kuna sarakasi ya Marekani imeona video zetu inatutaka msimu ujao. Ajenti mmoja wa Nairobi anasema viza ya vipaji ni ya watu wakubwa kama Messi na wale wa Oscar, sisi hatuwezi, bora tuingie na viza ya utalii alafu tutabadilishiwa tukishafika, kila mtu alipe laki mbili na nusu. Shule niliachia darasa la nane, sina cheti chochote. Kweli sarakasi inahesabiwa kipaji? Na nikikosana na bosi huko naweza kuhamia sarakasi ingine?"

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara mbili na kabla sijaenda mbali naomba kitu kimoja, hiyo laki mbili na nusu usiitoe. Usitoe hata kidogo ya "kushikia nafasi". Sababu nitakueleza lakini hilo lisikie kwanza, manake najua vile mambo huenda, mtu anapigiwa simu Ijumaa anaambiwa nafasi zinaisha Jumatatu, wikendi anauza pikipiki.

Nikikusoma naona kinachokuuma zaidi sio viza yenyewe, ni kule kuambiwa kazi yako haihesabiki. Miaka saba unapita kwenye pete mbele ya wageni wanaokula chakula cha jioni, mgongo unauma, asubuhi uko ufuoni unafanya mazoezi tena, alafu mtu wa ofisini anakwambia hicho sio kipaji cha kuandikiwa karatasi. Sio kweli. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inawataja watu wa sarakasi kwa jina, na imewawekea mlango wao ambao hata bendi za muziki hazina. Huyo ajenti ama hajui, ama anajua na amenyamaza.

Tuanze na hiyo stori ya Messi. Viza anayoizungumzia inaitwa O-1, na ina pande mbili. Upande wa sayansi, biashara na michezo ndio wenye kipimo kikali, hapo unatakiwa uwe katika wale wachache kabisa waliofika kileleni. Upande wa wasanii unaitwa O-1B na kipimo chake ni tofauti, unatakiwa uwe umejipambanua, yaani ufundi wako na kutambulika kwako viko juu waziwazi kuliko msanii wa kawaida wa fani yako. Fani yako, sio ya Messi. Unalinganishwa na watu wa viti na pete. Oscar, Emmy na Grammy zimetajwa kama mfano wa tuzo kubwa, ukiwa nayo moja ama hata ukiwa umeteuliwa tu umemaliza kazi. Usipokuwa nayo, na wengi wanaopata hiyo viza hawana, unaonyesha angalau mambo matatu kati ya sita: umekuwa msanii mkuu kwenye shoo zenye sifa, umeandikwa kwenye magazeti ama vyombo vya habari, umekuwa mtu muhimu kwa kampuni ama taasisi inayojulikana, shoo zako zimefanikiwa kwa mauzo ama kwa sifa, wataalamu na taasisi wamekutambua, na malipo yako ni ya juu ukilinganisha na wenzako. Na kama fani yako haiingii vizuri kwenye hayo sita, sheria inaruhusu ushahidi mwingine wa uzito sawa.

Umesikia cheti cha shule mahali hapo? Hakuna. Darasa la nane halikuzuii, hata mtihani wa Kiingereza haupo.

Sasa sikiliza hapa, manake hapa ndipo wengi wetu tunaangukia. Ofisa anayeamua hajawahi kukaa kwenye kiti cha mbele akakuona. Yuko mezani, ana faili. Kwake yeye mtu aliyepanga viti saba akasimama kwa mkono mmoja juu yake na mtu aliyesema tu kwamba anaweza, hao ni sawa, mpaka karatasi iseme tofauti. Na wasanii wetu wa Afrika Mashariki wana shida moja ambayo sijaiona sana kwa Warusi ama Wachina, majina yetu hayaandikwi. Bango linasema "Kenya Acrobats", mkataba umesainiwa na kiongozi wa kundi peke yake, gazeti limeandika "vijana kutoka Mombasa waliwasisimua wageni". Vijana gani? Kuna faili niliisaidia kuipanga miaka ya nyuma, ilikuwa na picha zaidi ya arobaini nzuri ajabu, kijana yuko hewani, moto kwenye pete, lakini hakuna picha hata moja yenye jina lake, tarehe na mahali. Ikarudi na barua ya kudai ushahidi zaidi na msimu ukapita tukiwa tunatafuta mameneja wa hoteli walioacha kazi zamani. Ile miezi siisahau.

Angalia wale wanasarakasi Ramadhani Brothers wa Tanzania, Fadhili na Ibrahim. Walitokea kwenye shindano la vipaji la Australia 2022, 2023 wakafika fainali ya lile la Marekani, mapema 2024 wakashinda toleo la Fantasy League. Ufundi wao unajulikana, lakini kwa macho ya faili angalia jambo lingine: kila mahali ni majina yao wenyewe, tarehe iko, kituo cha televisheni kiko, waandishi wa nchi kadhaa wameandika. Karatasi kama hiyo haibishaniwi.

Kwa hivyo wewe, leo, kwa vile ulivyojieleza? Nitakwambia ukweli, O-1B yako kwa sasa ni dhaifu. Sio kwamba huna kipaji, ni kwamba ukiniambia nikuoneshe kwenye karatasi mambo matatu kati ya yale sita sioni mawili. Ile China inaweza kuwa moja, kama mkataba una jina lako na hiyo kampuni ina sifa. Lakini nilikwambia kuna mlango mwingine, na nadhani huo ndio wenu.

Unaitwa P-1B. Kwa kawaida ni wa makundi ya burudani yanayotambulika kimataifa, na bendi ya muziki ikitaka kuutumia lazima ionyeshe kwamba inajulikana zaidi ya nchi moja na kwamba asilimia 75 ya watu wake wamekuwa pamoja angalau mwaka mzima. Kwa watu wa sarakasi masharti hayo mawili yameondolewa. Badala yake sheria inauliza swali lingine kabisa: hiyo sarakasi mnayokwenda kujiunga nayo, je, imetambulika Marekani nzima kuwa ni bora kwa muda mrefu? Umeona ilivyogeuka? Mzigo mkubwa wa kuthibitisha unatoka mgongoni kwako unakwenda kwa sarakasi yenyewe. Sarakasi kama Ringling, iliyofungwa 2017 ikarudi tena 2023 bila wanyama, ama UniverSoul ya Atlanta iliyoanza 1994 na ambayo wengi mnaijua kwa kuchukua maakrobati wa Kiafrika, hizo zina historia ya kuweka mezani. Kampuni iliyoanza juzi, ina hema moja na ukurasa wa Instagram, itahangaika hapo hata kama nyinyi ni moto.

Ndio maana swali la kwanza ambalo ningekuuliza tungekaa pamoja halikuhusu wewe. Ningekuuliza hiyo sarakasi inaitwaje, na imeanza lini. Hukuniandikia jina lake.

Kuna P-3 pia, ya wasanii wa sanaa yenye asili ya utamaduni wao, na makundi mengine ya Afrika hupitia humo pale shoo yenyewe ni ya ngoma na mila. Piramidi na pete peke yake hazitoshi, inabidi kuthibitisha huo utamaduni kwa wataalamu wa utamaduni, kwa hivyo nisingeanzia hapo. Na ukisikia mtu anataja H-2B, hiyo ni ya vibarua wa msimu na ina idadi maalum kila mwaka, wakati O-1 na P-1 hazina kikomo cha idadi. Kwa hivyo yule anayekwambia "nafasi za viza zinaisha" anakudanganya.

Sasa mtambo wenyewe unavyozunguka. Viza hizi haziombwi na wewe, sio mwanzoni. Anaanza mwajiri, ama ajenti aliyeko Marekani kihalali, anapeleka petisheni, yaani ombi rasmi, kwa ofisi ya uhamiaji kule inayoitwa USCIS, fomu ni I-129, pamoja na mkataba, ratiba ya shoo, ushahidi, na barua ya maoni kutoka chama cha wafanyakazi wa fani hiyo. Kwa sarakasi chama kinachojulikana ni AGVA, chama cha wasanii wa shoo mchanganyiko. Petisheni ikipita ndio inatoka hati ya idhini, na hapo ndipo nyinyi mnaingia, mnajaza fomu ya viza ya DS-160, mnalipa dola 205 kila mmoja, mnaenda intavyu ubalozini Gigiri. Milango miwili, ofisi mbili tofauti. Kupita wa kwanza hakukuhakikishii wa pili, lakini bila wa kwanza hata foleni ya pili huna haja ya kupanga. Nyinyi sita mnaweza kuingia kwenye petisheni moja ya P, mwisho ni watu 25. Petisheni inaruhusiwa kupelekwa hadi mwaka mmoja kabla ya kazi na mimi ningesema ipelekwe miezi sita kabla kama inawezekana, japo kuna huduma ya haraka ya siku 15 za kazi kwa ada kubwa ya ziada.

Ada ya petisheni ni kama dola elfu moja na kidogo, kampuni ndogo inalipa karibu nusu, juu yake kuna nyongeza inayofika dola 600, na wakili yuko kando. Mpelekaji petisheni ndiye anayelipa hizo kwa kawaida ya kazi hii. Sasa piga hesabu ya ajenti wako, laki mbili na nusu mara sita ni milioni moja na nusu, kwa viza ya utalii ambayo ada yake ubalozini ni dola 185. Zingine zinaenda wapi?

Na hiyo viza ya utalii, mdogo wangu, nakuomba. Kufanya shoo ya kulipwa kwa viza ya utalii hairuhusiwi, hata kama ni wikendi moja, hata kama pesa mtalipwa mkirudi Mombasa. Mkifika uwanja wa ndege ofisa anafungua begi anakuta nguo za shoo na pete, anashika simu yako anasoma meseji za bosi, mnarudishwa na ndege ya kwanza. Lakini hiyo sio hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba ulisema ubalozini unaenda kutembea, na uongo wa namna hiyo kwa ofisa wa viza unakufungia Marekani maisha, mpaka uombe msamaha maalum ambao hautolewi kirahisi. Una miaka 24. Mwili wako una labda miaka kumi na tano ya kazi hii ukijitunza. Usiichome kwa msimu mmoja. Hilo la "mtabadilishiwa mkifika" mimi nimelisikia miaka mingi na waliobaki kulia ni wasanii, ajenti huwa ameshabadilisha laini.

Umeuliza kuhusu kuhama bosi. Viza hizi zimefungwa kwa yule aliyepeleka petisheni. Huwezi kutoka hema moja ukaingia lingine kesho yake, lazima bosi mpya apeleke petisheni yake na ipite ndio uanze kwake. Ukiwa na O-1 kazi ikiisha kabla ya wakati una hadi siku 60 za kujipanga, P haina hiyo neema, na hii ni tofauti ambayo watu hawaambiwi. Kitu kimoja kizuri, akikufukuza yeye kabla ya muda, gharama ya kukurudisha nyumbani ni yake, ndivyo sheria inavyosema kwa zote mbili. Ukiacha mwenyewe, tiketi ni yako. Ndio maana wengine hupitia ajenti wa Marekani mwenye ratiba ya waajiri kadhaa, hapo unaweza kuzunguka shoo tofauti kwa petisheni moja, lakini huyo ajenti lazima awe mtu wa kweli mwenye mikataba ya kweli.

Tukiwa kwenye mkataba, usome wote, na usipoelewa mtafute wa kukusomea. Angalia mshahara ni kwa wiki ama kwa shoo, na wiki isiyo na shoo mnakula nini. Angalia mnalala wapi. Alafu hospitali, hili usilipite hata kidogo. Kuvunjika mguu Marekani bila bima ni deni la kukufuata miaka, na akrobati kuvunjika ni suala la lini. Iandikwe nani analipia matibabu, na je ukiumia mshahara unaendelea kwa muda gani. Na pasi yako inakaa kwako. Bosi anayetaka kushika pasi "kwa usalama" nakwambia kabisa usimsainie.

Ubalozini mwende na ukweli, basi. Mtaulizwa bosi ni nani, mshahara ngapi, miji gani, shoo yenu ikoje, na kwa sababu P inataka uwe na makazi nyumbani usiyonuia kuyaacha, mtaulizwa na ya Mombasa pia, familia, nyumba, mnarudi kufanya nini. O-1 haina sharti hilo la makazi. Wote sita majibu yafanane kwa sababu ni ya kweli, sio kwa sababu mmekaririshwa. P-1B hutolewa kwa kazi hiyo hadi mwaka mmoja, O-1 hadi miaka mitatu, na zote huongezwa kazi ikiendelea. Mke na watoto wanaweza kukufuata lakini hawaruhusiwi kufanya kazi.

Kuna Mtanzania anasoma hapa najua, kwa hivyo niseme hili haraka. Tangu Januari 2026 Tanzania iko kwenye orodha ya vizuizi vya sehemu vya Marekani. Viza za matembezi na masomo zimesimamishwa na za uhamiaji wa kudumu pia, O na P hazikuwekwa kwenye zilizosimamishwa lakini muda wake unaweza kukatwa, kwa hivyo ulizia hali ilivyo wiki ile ile unayosaini.

Turudi kwako. Mimi ningefanya hivi, P-1B na kundi kwa msimu huu kama hiyo sarakasi ina historia, na wakati huo huo naanza kujenga faili ya O-1B ya shoo ya viti, taratibu. Kuanzia sasa kila mkataba uwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasi. Kila bango, ombeni majina sita yaandikwe chini hata kwa herufi ndogo. Mwandishi wa Taifa Leo ama redio akija, mtajie jina lako na la shoo yako, na ukurasa wa gazeti uuhifadhi mzima na tarehe yake. Peleka video kwenye matamasha ya sarakasi yanayohesabika, Monte-Carlo iliyoanza 1974, ama lile la Paris la wasanii vijana lililoanza 1977, kualikwa tu kule ni karatasi nzito hata usipopata medali. Nairobi kuna Sarakasi Trust pale Ngara, wana miaka zaidi ya ishirini kwenye kazi hii, barua ya mtu aliyekaa muda huo akieleza wewe unafanya nini ambacho wengine hawafanyi ina uzito kuliko barua kumi za "ni kijana mzuri mwenye bidii". Barua nzuri inasema viti vingapi, urefu gani, wangapi duniani anaowajua wanafanya hivyo, na yeye ni nani hata aaminiwe. Mbele kabisa, ukishajaza faili, kuna njia ya grini kadi ya watu wenye kipaji ambayo unajiombea mwenyewe bila bosi, EB-1A, lakini kipimo chake ni kikali kuliko hivi vyote na leo sio siku yake.

Mahali ambapo ushauri wangu wa kuandika hautoshi ni hapa. Kama mmoja wenu amewahi kunyimwa viza ya Marekani, amewahi kuzidisha siku nchi yoyote, amewahi kushikwa na polisi, ama ameshasaini ama kulipa kitu kwa huyo ajenti, msiendelee na fomu yoyote kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji mwenye leseni ya Marekani. Jina lake unalitafuta kwenye orodha ya mawakili ya jimbo lake, ni bure. Wakili wa hiyo sarakasi ni wa sarakasi, sio wenu, mnaweza kumuuliza maswali ila kumbukeni hilo. Na ajenti wa Kenya anayepeleka watu kazi nje anatakiwa awe amesajiliwa na National Employment Authority, mwombe namba yake ya usajili leo kwa meseji. Jibu lake, ama kimya chake, utunze.

Alafu kesho kabla ya mazoezi nenda kwa meneja wa ile hoteli mliyofanya muda mrefu zaidi, akiwa bado yupo, mwombe barua yenye nembo, majina yenu sita, tarehe mlizoanza na kumaliza, na shoo ngapi kwa wiki. Na hiyo sarakasi waandikie swali moja tu: je, mtatupelekea petisheni ya P-1B, na wakili wenu ni nani? Wakikujibu, nitumie jina lao tuliangalie pamoja.